Wakili aliyemnyima mama uhuru 1821, mwaka 1865 yuko mstari wa mbele kuufuta utumwa Marekani. Nini kilimgeuza Thaddeus Stevens?

#1 Mzee wa Faili
Wakuu, salaam.

Kuna mtu ananinyima usingizi wiki nzima, na kafa tangu 1868. Thaddeus Stevens, wakili na mbunge wa Pennsylvania. Wengi mnamjua juu juu: yule mzee wa wigi na mguu mbovu, ulimi kama wembe, aliyesukuma Marekebisho ya 13 (ya kufuta utumwa) na ya 14 (ya usawa mbele ya sheria) ya katiba ya Marekani, halafu akataka kumng'oa Rais Andrew Johnson.

Sasa rudini nyuma hadi 1821. Stevens ana miaka 29, kafungua ofisi Gettysburg, karibu kabisa na mpaka wa Maryland. Upande wa Maryland utumwa upo kama kawaida. Upande wa Pennsylvania kuna sheria ya 1780 ya kuufuta polepole, na ndani yake kuna kifungu: mtumwa akiletwa na bwana wake akakaa jimboni miezi sita, basi ni huru. Mama mmoja, Charity Butler, akadai uhuru kwa kifungu hicho. Alikuwa akivushwa mpaka mara kwa mara kuja kukaa na kurudi, na siku zake zote ukizijumlisha zinapita miezi sita. Wakili wa bwana akasimama akasema hapana, sheria inataka miezi sita mfululizo, siyo vipande vya kuunga. Mahakama ya juu ya jimbo ikakubali. Charity akabaki mali ya mtu.

Wakili wa bwana ndiye Stevens.

Naomba mnisaidie, mtu anatokaje pale anafika kule? Na msiniambie "Mungu alimgusa". Nataka sababu.

#2 Kiroboto wa Tandale
Naweka kiti mbele kabisa. Karanga ninazo.

#3 Nyundo ya Hakimu
Mleta uzi, hakuna kilichomgeuza. Unatafuta muujiza mahali pa kazi.

Mimi ni wakili. Mteja anaingia, analipa, namtetea. Hoja ya "mfululizo" ilikuwa hoja nzuri ya kisheria, na wakili kijana anayetafuta jina angekuwa mjinga kuiacha mezani. Huyu hata kuingia kwenye uwakili alihangaika. Kule York alikokuwa akifundisha shule, mawakili walikuwa na kanuni ya kumbana mtu aliyesoma sheria huku anafanya kazi nyingine, ikabidi 1816 avuke hadi Bel Air, Maryland, akatahiniwe huko. Na masimulizi yanasema watahini walitaka kwanza chupa za mvinyo wa Madeira ziwe mezani. Kesi yake kubwa ya mwanzo alimtetea muuaji kwa hoja kwamba hana akili timamu, hoja ngeni enzi hizo. Alishindwa, lakini jina likapanda.

Niwape na langu. Miaka ya nyuma nilimwakilisha mwenye nyumba dhidi ya mjane. Rufaa ya yule mama ilikuwa nzito, nilijua. Ila ilikuwa imesajiliwa siku moja nje ya muda. Nikaweka pingamizi la awali, dakika kumi tu, rufaa ikatupwa. Koridoni yule mama akanifuata mimi, maana wakili wake alishaondoka. Akafungua fundo la kanga, akatoa risiti ya kusajilia, akaniuliza, "Baba, sasa tumepangiwa lini tena?" Nikamwambia akamuulize wakili wake. Nikaenda kula.

Kwa hiyo Stevens simshangai.

#4 Mwalimu wa Zamu
Nyundo, umeeleza jinsi alivyomshinda Charity. Hujagusa yaliyofuata.

Tuanzie utotoni. Kazaliwa 1792 Danville, Vermont, na mguu uliopinda. Baba mshona viatu, akawatelekeza. Mama, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume, huyu mlemavu akiwa mmojawapo, akaona hawezi jembe, akampeleka shule. Akafika hadi chuo cha Dartmouth, akamaliza 1814. Mtoto aliyechekwa kijiji kizima akiigwa anavyochechemea, akikua anakuwa upande wa nani? Na kumbukeni Vermont ilikuwa imekataza utumwa wa watu wazima kwenye katiba yake ya 1777. Huko ndiko alikonyonya.

Ushahidi wangu ni 1835. Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za bure 1834, wananchi wakalalamika kodi, wabunge wakarudi na agizo la kuifuta. Seneti ya jimbo ikakubali ifutwe. Stevens akasimama bungeni Aprili 1835, akawaambia kwamba sheria mbadala ya kuwasomesha bure maskini tu ni ya kuwapiga chapa maskini, na kura zikageuka. Sheria ikapona. Mtu wa hivyo alikuwa na kitu moyoni tangu zamani. Kesi ya 1821 ndiyo iliyopotoka, siyo maisha yaliyofuata.

#5 Chuma cha Pua
Samahani wakuu, huyu si ndiye alikuwa makamu wa rais wa upande wa Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani? Mbona mnamsifia?

#6 Mzee wa Faili
Huyo ni Alexander Stephens wa Georgia, mkuu. Jina linafanana kwa sikio tu. Yule alisema waziwazi kwamba serikali ya Kusini imejengwa juu ya imani kuwa mweusi hayuko sawa na mweupe. Ukiwaweka hawa wawili meza moja, meza inaungua.

Mwalimu, hoja yako ya mguu naiheshimu, ila mguu alikuwa nao na 1821.

#7 Kiroboto wa Tandale
😂😂 "mguu alikuwa nao na 1821". Mwalimu, jibu hoja.

#8 Dada wa Chestnut Street
Ninaishi Lancaster, Pennsylvania, mwaka wa tisa huu. Kaburi lake liko kwenye njia yangu ya kwenda kazini. Ni kiuga kidogo katikati ya nyumba za watu, ukipita na gari haraka hukioni. Siku ya kwanza nilisimama kwa sababu ya mvua, nikajikinga chini ya mti, nikaanza kusoma jiwe. Limeandikwa kwamba amelala mahali hapa patulivu si kwa kupenda upweke, ila makaburi mengine yanabagua watu kwa rangi kwenye kanuni zao, naye kachagua hapa ili kifo chake kionyeshe alichokipigania maisha yote: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Alikuwa ameshanunua viwanja kwingine, alipogundua weusi hawaruhusiwi akarudisha hati.

Nilisoma mara mbili. Viatu vimelowa na nimechelewa kazini.

Lakini ninyi wanaume mmeandika mabandiko saba hamjamtaja Lydia. Lydia Hamilton Smith, mjane, mama yake mwenye asili ya Kiafrika na baba mzungu. Alisimamia nyumba ya Stevens tangu miaka ya 1840 hadi mzee anafariki. Wageni wakifika ni lazima wamwite Bi. Smith, siyo kwa jina la kwanza kama mtumishi. Stevens hakuoa maisha yake yote. Kwenye wosia alimpa achague: dola 500 kila mwaka au 5,000 kwa mkupuo. Akanunua nyumba ile waliyoishi. Mnaotafuta aliyemgeuza, tafuteni jikoni.

#9 Kiroboto wa Tandale
Dada kaleta chuma cha moto. Mwenye nyumba haoi, msimamizi wa nyumba anapewa heshima ya bibi mkubwa. Kwetu hapo hatuulizi, tunapeleka mchele.

#10 Bi Mkubwa wa Pangani
Kiroboto tuliza ulimi, watu wamekufa hao. Mwanamke anaweza kuendesha nyumba na mali za mtu miaka ishirini kwa akili zake. Yule mama alikuwa na vitegauchumi vyake, na nyumba ya wapangaji Washington. Vita vya Gettysburg 1863 vilipokwisha alitafuta gari la farasi, akazunguka kukusanya vyakula na nguo, akawapelekea majeruhi, wa Kaskazini na wa Kusini. Sasa mtu wa namna hiyo mnamjadili kitandani tu?

#11 Mzee wa Faili
Bi Mkubwa shikamoo. Nimekusikia.

Dada wa #8, jiwe hilo umelielezea vizuri, asante. Ila tarehe zinakukataa. Lydia kaingia nyumba ile miaka ya 1840. Stevens alishageuka zamani. Tarehe 4 Julai 1823, miaka miwili tu baada ya Charity, kwenye sherehe ya uhuru alinyanyua glasi akaomba rais ajaye awe mtu huru ambaye hajawahi kumkaza binadamu pingu za utumwa. Na 1838, kongamano la katiba ya Pennsylvania lilipoandika kwamba mpiga kura lazima awe mweupe, yeye alikuwa mjumbe, akakataa kutia saini. Lydia hajafika hata mlangoni.

Miaka miwili, wakuu. 1821 hadi 1823. Ndani ya hiyo miaka miwili ndimo ninamotafuta.

#12 Bepari Mstaafu
Mnazunguka. Siasa na biashara, kwisha.

Stevens alitaka uongozi. Alianza na chama cha kuwapinga Wamasoni (Freemason, wale wa jumuiya ya siri), akaingia bunge la jimbo 1833, kisha Whig, kisha Republican. Mnamsahau wa 1838 Harrisburg? Pande mbili zikagombania nani kashinda uchaguzi wa jimbo, watu wakavamia ukumbi, mzee na mguu wake akatokea dirishani kuokoa roho. Huyo ni mwanasiasa wa fitina, siyo mtume. Halafu alikuwa na kiwanda cha chuma, Caledonia. Wenye viwanda vya chuma walitaka ushuru mkubwa kwa chuma cha nje, na waliowazuia kila mwaka bungeni ni wenye mashamba ya pamba wa Kusini. Vunja utumwa, umevunja adui wa ushuru.

#13 Mwalimu wa Zamu
Bepari, kiwanda hicho kilimfilisi karibu maisha yote. Alihamia Lancaster 1842 kwa sababu ya madeni, ili apate kesi zenye fedha. Na Juni 1863 jeshi la Jenerali Early wa Kusini likapita likakichoma chote, makusudi, kwa sababu ni cha Stevens. Yeye akaendelea kuzitunza familia za wafanyakazi wake. Mfanyabiashara gani anachagua maadui wa kumchomea mtaji?

Na kuhusu ardhi utasemaje? Septemba 1865 akiwa Lancaster alipendekeza mashamba ya wakubwa wa Kusini yataifishwe, watu wasiozidi 70,000 kwa hesabu yake, na kila mwanamume mtu mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Wenzake wenye mali wa Kaskazini walishtuka kuliko hata watu wa Kusini. Haikupita. Hiyo nayo ni ushuru wa chuma?

#14 Bepari Mstaafu
Ardhi ya watu wengine ni rahisi kuigawa, mwalimu.

#15 Nahodha Mstaafu, Unguja
Naomba nipotoshe mada kidogo, nitarudi.

Bepari kataja pamba. Bibi yangu alikuwa akiita kitambaa kile kizito cheupe "merikani", na sisi watoto tulidhani ni jina tu. Ni Marekani hiyo hiyo. Sayyid Said alifunga mkataba nao 1833, konsuli wao wa kwanza akafika Unguja 1837, na majahazi ya Salem, Massachusetts, yakaleta kitambaa kwa pembe na gundi ya msandarusi. Kilifumwa Kaskazini kwa watu huru, pamba ililimwa Kusini na watumwa, kikashuka Forodhani na kubebwa bara kama fedha kwenye misafara iliyorudi na watumwa wengine. Vita vilipoanza 1861 merikani ikaadimika, wafanyabiashara wakageukia vitambaa vya Uingereza na India.

Na kwetu utumwa ulipofutwa kisheria 1897, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na bwana akalipwa fidia. Masuria wakaachwa nje hadi 1909. Kwa hiyo Charity na hesabu yake ya miezi sita namwelewa sana. Uhuru wenye karani mlangoni.

Nimerudi kwenye mada.

#16 Mzee wa Faili
Nahodha, upotoshaji kama huo tuletee kila siku.

#17 Kamusi Hai
Mimi naona mnamfanya mtakatifu, wacha niwape Stevens halisi. Rais Lincoln alipotaka kumweka Simon Cameron, mwanasiasa mwenzake Stevens wa Pennsylvania, wizarani, aliulizwa Stevens kama jamaa ni mwaminifu. Akajibu: sidhani kama anaweza kuiba jiko la chuma lililo motoni. Lincoln akacheka akamfikishia Cameron. Cameron akataka aombwe radhi. Stevens akarudi kwa Lincoln: "Nilikwambia haibi jiko la moto. Nafuta kauli."

Tena alikuwa kipara kwa sababu ya ugonjwa, anavaa wigi. Inasemwa mama mmoja shabiki wake wa kisiasa alimwomba unywele wa ukumbusho. Akavua wigi lote akampa.

#18 Kiroboto wa Tandale
"Nafuta kauli" 😂 Hii naitumia kazini kesho.

#19 Mtu wa Kale, Mombasa
Kuna kisa hamjakitaja, na ndicho kinajibu ile miaka miwili ya Mzee. Inasimuliwa kwamba kijana Stevens alikuwa safarini kwenda Baltimore kununua vitabu vya sheria, na dola 300 mfukoni. Kwenye nyumba ya wageni Maryland akamkuta mwanamke analia, mumewe John anauzwa. Stevens akatoa zile 300, akamnunua John, akamwachia uhuru, akarudi Gettysburg bila vitabu. Na aliyekuwa anamuuza John ni baba yake mzazi.

#20 Nyundo ya Hakimu
Hiyo chai. Imewekwa sukari na tangawizi. Waandishi wa maisha ya wakubwa huwa na kisa kama hicho kwenye droo.

#21 Mtu wa Kale, Mombasa
Wakili msomi, chai au si chai, mbona wewe ulitusimulia ya mjane na hatukukuomba ushahidi?

#22 Chuma cha Pua
Nimesoma sasa, nisameheni ya #5. Kesi ya Christiana 1851 ndiyo kubwa. Bwana kutoka Maryland, Gorsuch, kaja Pennsylvania na polisi kuchukua watumwa waliotoroka, weusi wakakataa, akauawa. Serikali ikawashtaki watu 38 kwa uhaini. Stevens peke yake akawatetea wote wakaachiwa.

#23 Kamusi Hai
Unajifunza haraka, ila peke yake hapana. Walikuwa jopo la mawakili, na hotuba kubwa walimwachia John Read, kwa sababu Stevens alishajulikana kwa ukali wake dhidi ya utumwa na waliogopa jambo lionekane la kisiasa. Aliyesikilizwa kesi yake kwanza ni Castner Hanway, mzungu. Jopo la wazee wa baraza likatoka kama robo saa, likarudi: hana hatia. Mashtaka ya wengine yakayeyuka. Kesi ilisikilizwa kwenye jengo lile lile la Philadelphia walikosaini tangazo la uhuru wao.

#24 Dada wa Chestnut Street
Na kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba yake hapa mjini, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta miaka ya 2000 tangi la maji la chini ya ardhi lililotobolewa upande, kana kwamba mtu aingie humo kutokea jengo la jirani. Wanaliona kama maficho ya waliotoroka. Nimelichungulia. Ni la matofali, giza, na mtu mzima akiwa humo lazima akunje shingo.

Mzee wa Faili, kwa hiyo jibu langu la pili: aliishi mpakani. Gettysburg kisha Lancaster, waliokimbia walipita mbele ya ofisi yake. Usomi ukikutana na mtu anayetweta mlangoni, usomi unachoka.

#25 Mzee wa Faili
Sawa, ila mpakani waliishi maelfu na hawakugeuka.

Kuna jambo nililigundua usiku wa jana. Stevens wa mwisho alijifunza kitu ambacho Stevens wa 1821 alikuwa nacho kwa upande mbaya: kukubali sheria ilivyo. Januari 1865 wapinzani walimtega aseme anataka weusi wawe sawa na weupe kwa kila kitu, ili Marekebisho ya 13 yaanguke. Akajibu anataka usawa mbele ya sheria, basi. Akauma ulimi. Yakapita bungeni 119 kwa 56. Na Juni 1866, Marekebisho ya 14 yalipotoka dhaifu kuliko alivyotaka, alisema anayapokea, kwa nini? "Kwa sababu ninaishi miongoni mwa watu na siyo miongoni mwa malaika."

#26 Bepari Mstaafu
Hapo ndipo ninapomkubali. Na mnaona? Mwanasiasa.

#27 Mwalimu wa Zamu
Mwanasiasa anayekufa hivi? 1868 hawezi tena kutembea, anabebwa kwenye kiti kuingia ukumbini kumshtaki Johnson. Inasemwa aliwauliza vijana waliombeba nani atambeba wakifa wao. Seneti wakapiga kura 35 kwa 19, ikapungua moja tu kumng'oa. Agosti 11 mzee akafariki. Mwili ukalazwa Kapitoli ukilindwa na askari weusi, na chama chake Lancaster kikamteua tena kugombea akiwa maiti, kwa heshima. Wosia wake uliacha fedha za kituo cha yatima maskini bila kujali rangi, na leo ni chuo cha ufundi hapo hapo Lancaster. Na fedha nyingine ziende Vermont, kaburi la mama yake lipandwe mawaridi kila masika kwenye pembe zake nne.

Mguu, Mzee. Mguu na mama. Sibadiliki.

#28 Bi Mkubwa wa Pangani
Mawaridi kwenye pembe nne. Haya.

Nyundo ya Hakimu, mwanangu, nina swali la #3. Yule mjane ulimtafuta?

#29 Nyundo ya Hakimu
Shikamoo Bi Mkubwa.

Hapana. Ila jina la mtaa lipo kwenye faili.

#30 Kiroboto wa Tandale
Dada wa Chestnut Street, tupia picha ya hilo jiwe mvua ikikatika.